Bwana Rula na Mashine Aliyoichagua kwa Miaka Ishirini na Moja

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi mliofika hapa mlimjua kwa jina la Bwana Rula, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Wa pili ni mdogo wake wa kike, ndiye anayesoma maneno haya. Mama yao alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kutembea, si kwa udhaifu, bali kwa kuwa alitaka kwanza aone wenzake wanavyofanya.

Alisoma shule ya msingi nyuma ya karakana ya reli, kisha sekondari ya kutwa, na mwaka 1971 akaingia chuo cha ufundi kusomea mitambo ya redio. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti: "Kazi safi sana. Haijaisha."

Tarehe 2 Januari 1974 aliajiriwa na kituo cha redio kama fundi mitambo, akakitumikia hadi Juni 2006. Jina la Bwana Rula alilipata huko, maana hakukaza skrubu bila kupima. Wenzake walimtania, lakini mtambo ukigoma waliyemtafuta ni yeye.

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, wakajaliwa binti na mvulana. Huyu wifi, alipokuwa na miaka tisa, mwaka 1964, alipelekwa studio kusoma shairi alilolitunga mwenyewe, beti tatu kuhusu mvua. Kipindi hicho cha watoto kilirushwa wiki iliyofuata, na kwao hawakuwa na redio. "Nilisikiwa na watu wote isipokuwa mimi," alimwambia mchumba wake, naye hakulisahau neno hilo.

Mwaka 1998 kituo kilisafisha stoo yake, na marehemu akaokoa sahani za santuri zilizokuwa zinatupwa. Hazikuwa santuri za kawaida. Zilikuwa na upana wa inchi kumi na sita, kama sinia, bati lililopakwa rangi ngumu nyeusi, na kila sindano ilipopita juu yake iliikwangua kidogo. Moja ilibandikwa karatasi: Kipindi cha Watoto, 1964. Alirudi nayo nyumbani ameikumbatia.

Mashine ya santuri ya pale nyumbani haikuweza kuipokea. Ukingo wa sahani uligonga shina la mkono unaoshika sindano. Basi akaanza kutafuta. Ya kwanza ilikuwa na meza kubwa ya kuzungushia sahani, ila mkono wake mfupi haukufika ukingoni. Ya pili ilifika, lakini mkono ulikuwa mzito mno. Ya tatu mota yake ilivuma. Zote alizipima, akaziandika daftarini, akazikataa. Mwaka 2003 fundi mwenzake alimsihi: "Bwana Rula, iweke hata kwenye hiyo ya pili. Tuinakili kwenye kanda mara moja, yaishe." Akajibu: "Nikiiharibu hii nitamwambia nini mama watoto?"

Wifi naye hakukaa kimya. "Mimi ulinichagua kwa wiki mbili," alimwambia mbele ya wageni. "Mashine ndiyo imekushinda?" Watu walicheka, na marehemu alicheka kuliko wote. Sahani ikabaki imefungwa kwa kitambaa ndani ya kabati, na kwa kuogopa vumbi, tangu mwaka 2010 hakuifungua tena.

Mashine iliyomridhisha aliipata mwaka 2019, mkono mrefu, mwepesi, na sindano aliyoiagiza kwa ajili ya sahani ile tu. Jumapili tarehe 10 Februari alitualika sote. Wifi alivaa gauni jipya alilolishona mwenyewe, akakaa kiti cha mbele. Marehemu alipofungua kitambaa, ile rangi nyeusi ilikuwa imepasuka na kubanduka kama rangi ya mlango wa zamani. Hakuna aliyeigusa. Ilizeeka tu ikisubiri. Ukingo peke yake ulikuwa mzima, akateremsha sindano hapo. Tulimsikia mtangazaji akisema, "Na sasa tumsikilize mtoto wa darasa la tatu." Tukasikia mtoto akivuta pumzi. Kisha sindano ikaangukia palipobanduka.

"Nisamehe," marehemu alisema. Wifi alimshika mkono, akasema, "Pumzi yangu nimeisikia." Marehemu hakuikubali faraja hiyo. Mashine aliifunika siku hiyohiyo, na tangu hapo alikuwa mtu wa kujilaumu. Alimwambia mdogo wake mara nyingi, "Ningemsikilizisha mapema, hivyohivyo na makwaruzo yake."

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021, akalazwa tarehe 24 Oktoba 2022. Jumatano tarehe 2 Novemba, saa ya kutazama wagonjwa, alimuuliza mkewe kama bado analikumbuka lile shairi.

"Lote."

"Nisomee basi."

Wifi alitazama wodi, vitoroli vikipita na wagonjwa wa jirani wakikohoa. Alitaka mumewe asikie vizuri. "Pona kwanza," akamwambia. "Nitakusomea nyumbani, tumetulia."

"Haya," alisema marehemu, akatabasamu.

Alifariki Alhamisi tarehe 3 Novemba, saa nne asubuhi. Ijumaa wifi aliomba aachwe na mwili, mlango ufungwe, mdogo wa marehemu abaki naye. Alisimama wima kama mtoto wa shule, akasoma beti zote tatu. Hakukosea hata neno.

Marehemu ameacha mjane, mdogo wake, watoto wawili na wajukuu watano.

Pumzika, kaka. Amani ikupokee.