Maisha ya Marehemu Redio, Mtangazaji wa Ndani ya Pipa

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wafanyakazi wenzake mliokuja na sare zenu: anayewasomea ni dada mkubwa wa marehemu, fundi cherehani. Kamati iliniomba wasifu huu niufupishe. Nimeufupisha, ila si pale walipotaka. Naomba mnivumilie. Na naomba binti mkubwa wa marehemu, aliyekaa hapo mbele na mama yake, asikilize kuliko wote, maana Jumatatu anatakiwa kuripoti kiwandani ashike nafasi ya baba yake, na mimi sitaki aende.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Novemba 1976, mtoto wa pili na wa mwisho, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, ambako baba yetu alikuwa mlinzi. Alizaliwa akilia kama watoto wote, ila mama alikuwa akisema huyu wa kwake hakunyamaza tena. Kabla hajajua kufunga vifungo vya shati alishakuwa na kopo la maziwa mdomoni, anatangaza. Mama akifagia, anatangaza. Jogoo akimfukuza tetea, anatangaza. Siku moja alivunja kioo cha taa, baba akamfukuza na mkanda kuzunguka nyumba, naye huku anakimbia huku anapiga kelele: "Baba anakata kona! Anateleza! Mtoto anampita, anampita tenaaa! Watazamaji wamesimama!" Watazamaji tulikuwa mimi na mama. Baba alikaa chini kwenye ngazi akacheka mpaka mkanda ukamponyoka. Tangu siku hiyo jina alilopewa na wazazi lilisahaulika, akawa Redio, na hata mishahara yake ya baadaye ilikuwa ikiitwa kwa jina hilo dirishani.

Alianza shule ya msingi mwaka 1984, ile iliyo nyuma ya soko la zamani. Walipofika darasa la tatu mwalimu wao aliwasimamisha mmoja mmoja: ukikua unataka kuwa nani? Wa dawati la mbele alisema rubani. Leo anafuga kuku, na ukimtania anakujibu kwamba nao wana mabawa. Rafiki wa marehemu, waliyekaa dawati moja, alisema atakuwa kipa wa timu ya taifa, na mpaka leo tunamwita Kipa. Marehemu alisema mtangazaji wa mpira redioni, na darasa zima likapiga makofi kwa sababu kazi hiyo alikuwa nayo tayari. Mimi nilikuwa nimepita darasa hilohilo mbele yake, nikasema hakimu. Leo nahukumu viuno vya watu kwa futi ya kamba. Zamani tukikutana tulikuwa tukiyacheka haya mpaka machozi. Wiki hii nimeyafikiria tena, nikaona kwamba wengi wetu tulipewa tulichoomba, ila tulipitishiwa mlango wa nyuma, na hilo limeniogopesha.

Aliingia sekondari mwaka 1991. Baba alipofariki mwaka uliofuata, aliacha masomo. Alikwenda kituo cha redio mara mbili. Mara ya kwanza mlinzi hakumruhusu kuvuka geti. Mara ya pili walimpa ukurasa wa habari asome, akausoma, na mkuu wa vipindi akamwambia: "Sauti unayo, kijana. Vyeti huna." Alirudi nyumbani akala, akalala, na kesho yake akaenda kuwa mpiga debe kwenye stendi ya mabasi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye aliinama bila kununa.

Hapo stendi ndipo alipokutana na wifi yangu, mkata tiketi wa dirisha la mwisho. Naye alikuwa na yake: tangu mdogo alitaka kuwa mhudumu wa ndege. Abiria aliwapata, ila wake hawakuruka. Marehemu alikuwa akitangaza basi la mwisho la siku huku akimtazama yeye, akisema limebaki kiti kimoja tu na ni cha dirishani. Basi lenyewe lilikuwa tupu. Walifunga ndoa tarehe 6 Juni 2001, wakajaliwa binti, na baadaye mapacha wa kiume.

Mwezi Februari 2003 marehemu aliajiriwa katika kiwanda cha unga. Alimwambia mke wake ni kwa muda tu, mwaka mmoja, ajipange. Wenzake hapa wanaijua kazi yake, lakini wengine hamuijui, kwa hiyo naieleza. Kiwanda kina matangi marefu ya chuma ya kuhifadhia mahindi. Wao wanayaita mapipa. Mahindi yakipata unyevu hushikana juu yakawa ganda gumu, huku ya chini yanatolewa kwenda kusagwa, na kati ya ganda na mahindi ya chini panabaki shimo. Mtu mmoja huingia kupitia mlango mdogo wa juu, amefungwa kamba kiunoni, ana nondo mkononi, analivunja ganda ambalo amelisimamia mwenyewe. Mwenzake anabaki mlangoni ameshika kamba. Mle ndani ni giza na vumbi, humwoni mtu. Kwa hiyo wana desturi yao: aliye ndani haruhusiwi kunyamaza. Kuna wanaopiga mluzi, kuna wanaoimba, kuna wanaohesabu. Sauti ikikatika, aliye nje anavuta.

Marehemu alitangaza mpira. Mahindi dhidi ya Panya, kila siku mechi mpya. Pipa lilimpa mwangwi wa uwanja mzima, na wakati wa chakula cha mchana wapagazi walikuwa wakiegemeza masikio kwenye chuma wasikie nani kafunga. Panya walikuwa na mshambuliaji hatari sana, mkia mrefu, aliyefunga kila Ijumaa. Watu waliwekeana dau la soda. Mshika kamba wake, kwa miaka yote hiyo, alikuwa Kipa yuleyule wa dawati moja. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni, macho na masikio ndani, akingojea. Waliporudi nyumbani wote wawili walikuwa weupe mpaka kope, watoto wakawa wanawakimbia.

Mwaka juzi kilianza kikohozi. Kwanza tulimtania kwamba redio imeingia mchanga. Halafu sauti ikaanza kukwama katikati ya sentensi, hasa jioni, na tukaacha kumtania. Kule ndani ya pipa alibuni kitu kipya: mapumziko. Akiishiwa pumzi hutangaza kwa sauti ya chini, "Timu zinakwenda mapumziko," kisha hunyamaza, akohoe, arudi kipindi cha pili. Mara ya kwanza Kipa alimvuta mpaka juu, marehemu akatoka amekasirika, kwa kuwa mtu aliyevutwa kabla ya kazi kuisha huandikiwa kwamba ameshindwa. Basi Kipa akazoea. Mapumziko yakawa marefu, na siku nyingine hayakutangazwa, yalikuja tu. Desturi iliyowalinda ikalegea hivyo, kidogo kidogo, na hakuna aliyeiona ikilegea.

Mwezi Januari mwaka huu daktari alimpiga picha ya kifua, akamwambia mapafu yamejaa vumbi, asiingie tena mle. Marehemu alikwenda kwa msimamizi wake kuomba afagie uwanja. Kipa alikuwepo, na ndiye aliyenisimulia msibani. Msimamizi alimjibu: "Uwanjani hakuna nafasi. Ila yule binti yako anayekuletea chakula, ana mabega membamba. Mlango wa juu hautamkataa. Fikiria, Redio. Kazi inabaki nyumbani."

Marehemu hakufikiria. Alimwambia palepale, "Niandike mimi kwa zamu zote." Kisha akarudi nyumbani akamwambia mke wake daktari amemruhusu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi siku zote niliuona msemo huo ni wa kuwacheka wakaidi. Mdogo wangu hakuwa mkaidi. Aliyaficha maradhi ili mwanawe asionekane.

Jumanne tarehe 11 Machi 2025, asubuhi, alipanda pipa la tatu. Kipa anasema alianza vizuri, mpira uko katikati, Mahindi wanashambulia kutoka kulia. Akakohoa. Akasema jina la yule mshambuliaji wa Panya, akanyamaza. Kipa alidhani ni mapumziko. Alingoja kama alivyozoea kungoja. Alipoanza kuvuta, kamba haikuja. Walikata ubavu wa pipa kwa moto, mahindi yakamwagika uwanjani mpaka magotini, na ilikuwa mchana walipompata. Kaka yangu Kipa, uliyesimama nyuma kabisa, inua kichwa. Nyumba hii haikulaumu. Ungevuta mapema wangemwandikia kwamba ameshindwa.

Sasa nasema kile nilichoombwa kukifupisha. Alhamisi msimamizi alikuja msibani na rambirambi na mfuko. Alimpa binti mkono wa pole, na alipokuwa anampa pole macho yake yalikwenda bega hadi bega. Mimi ni fundi, namjua mtu anayepima kwa macho. Ndani ya mfuko mlikuwa na sare. Sare za kiwanda kile hutoka pana, nimeletewa nyingi nizipunguze. Hii ilikuwa imeshapunguzwa mabega, imeshakatwa suruali, saizi ya binti yetu kamili. Nikaikunjua. Kwenye mikunjo mlikuwa na vumbi. Nguo iliyoshonwa baada ya msiba haiwezi kuwa na vumbi kwenye mikunjo. Ilikuwa inangoja kwenye rafu fulani wakati mdogo wangu bado anapanda ngazi za pipa ili isivaliwe. 

Jana jikoni niliongea na binti. Yeye anataka kuwa mpima ardhi, awe nje juani na vyombo vyake, na ameshapata chuo.

"Shangazi, nikikataa, mapacha watakula nini?"

"Watakula ninachokula."

"Na wewe unakula nini?"

Tulicheka hapo, tukalia hapo. Kisha akaniambia, "Ni kwa muda tu, shangazi. Mwaka mmoja, nijipange." Niliacha sufuria nikatoka nje, maana maneno hayo nimeshayasikia katika nyumba hii, na aliyeyasema mnamwona kwenye sanduku. Leo asubuhi, kabla hatujaja huku, nilipita mlango wa bafu nikamsikia anahesabu. Moja, mbili, tatu, kwa sauti, bila kuvuta pumzi, akikosea anaanza upya. Anafanya mazoezi.

Binti yetu, naogopa. Nakuambia mbele ya watu hawa wote ili usiseme hukuambiwa. Baba yako hakufa kwa bahati mbaya ya kazi, alikufa akiwa amesimama kati yako na ule mlango. Cherehani ninayo moja, na nyingine nitaazima. Mama yako ana dirisha lake la tiketi. Tutabanana, tutanuniana, mapacha watavaa suruali za viraka, lakini utakwenda chuoni. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kwenu umeshaanguka upande mmoja.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, watoto wa kiume wawili, dada mmoja, na rafiki mmoja wa dawati. Hakuacha nafasi ya kazi. Msimamizi, uko hapa safu ya mbele, na ile sare nimekuja nayo, iko chini ya kiti changu, ukiondoka uichukue. Binti hajanijibu mpaka ninaposoma mstari huu. Yeye tunayemzika apumzike kwa amani. Sisi tuliobaki tusipumzike kwanza, Jumatatu haijapita.