Mifuko ya Kitambaa ya Yaya Lucien

Ndugu wapendwa, wa Katuba na wa kule magorofani: marehemu Lucien Ngosa Kapya alizaliwa Kasenga tarehe 14 Mei 1958, mtoto wa Papa Kapya na Mama Émerance. Mimi ni Martine, mdogo wake; nilimwita Yaya, yaani kaka mkubwa.

Alisoma shule ya msingi Kasenga, kisha mwaka 1973 akaja Lubumbashi kujifunza kushona. Tangu 1978 alikuwa fundi Kamalondo. Wengi mliokaa hapa mlifunga ndoa ndani ya suti zake. Tarehe 4 Agosti 1984 alimwoa Marceline, wakaishi Katuba katika nyumba za kupanga.

Mwaka 2022 walipewa apartema ghorofa ya nne, katika magorofa mapya ya serikali. Jamani, Katuba tulicheza! Yaya akatamba: “Kule maji iko natoka usiku na muchana!” Kumbe maji hayakuwahi kupita ghorofa ya pili. Basi fundi wetu akashona mfuko wa kitambaa kizuri, wenye zipu, akaficha bidon, dumu la maji, ndani yake, akawa anapandisha maji kama mtu aliyetoka safari. Majirani wakamfuata chinichini: “Papa Lucien, unishonee na miye.” Muda si muda jengo zima likawa la wasafiri. Ikawa ndiyo adabu ya pale: ukikuta mwenye mfuko kwenye ngazi, unainamisha macho, humsalimii.

Sisi wa Katuba alitupokea chini, tai shingoni. “Juu bako napaka rangi.” Miaka mitatu, rangi gani hiyo? Nilimkasirikia, nikadhani anatudharau. Zamu ya jumuiya kusali kwake haikufika kamwe.

Mwaka 2024 moyo ulianza kumsumbua, na daktari akamkataza kubeba kitu kizito. Marceline akamsihi atuite tusaidie. Akajibu: “Banione na bidon? Ngoya nikufe kwanza.”

Tarehe 9 Juni 2025, asubuhi, alikaa kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, mfuko pembeni, mkono kifuani. Jirani yake Doudou akapita, akainamisha macho. Aliporudi, Yaya alikuwa amekwisha kukata roho. Doudou amelia mbele yetu: “Nilimuheshimia, mama. Nilimuheshimia tu.”

Nilitaka kuyaruka hayo. Marceline akakataa: “Usome yote. Ile aibu ndio iliniulia bwana.” Basi nimesoma, na uso unaniwaka. Ninyi pia naona mmeinama.

Ameacha mjane, Marceline. Watoto, Aristote, Christiane na Merdi. Wajukuu watano, na mimi. Jana maji ya matanga yalipandishwa na watu wa jengo na wa Katuba pamoja, bidon za njano wazi, bila mifuko, tukisalimiana kwenye kila ngazi.

Yaya, tumefika mpaka ghorofa ya nne. Kwako kuzuri. Pumzika kwa amani.