Vipande Vidogo Kwenye Damu ya Bok-sui

Benchi letu liko nje ya ghala la chaza, mkabala na hekalu, na makombe matupu ya chaza yananuka mwaka mzima ila sisi tumeshazoea. Mimi ndiye mwenye buli, kwa hiyo ndiye ninayemimina, na chai ikiwa chungu ndiye ninayesemwa. Asubuhi ile watu wa hospitali ya mjini walikuwa wamefunga turubai uani mwa hekalu. Walikuja kuchukua damu ya wazee wenye homa ya ini, kwa ajili ya kipimo kipya, mwisho saa tano. Hapa benchini mwenye homa ya ini ni mmoja tu, Bok-sui, aliyefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi mpaka yakafungwa. Saa nne ilishapita na alikuwa hajainua hata kisigino.

— We Bok-sui, umeota mizizi? alisema Lori. Huyo aliendesha malori miaka thelathini, na mpaka leo anaongea kama anashindana na injini. Si wanakungoja pale!

— Wamalize kwanza na wengine.

— Kwani wanatafuta nini? Virusi si walishajua unavyo tangu uko jeshini?

Profesa akakohoa. Profesa hajawahi kufundisha mtu. Alikuwa karani wa shule, ila gazeti analisoma mpaka matangazo ya vifo.

— Safari hii hawatafuti virusi. Wanatafuta vitu vinaitwa maikro-RNA. Vipande vidogo mno, seli inavitumia kuamua kazi ipi ifanyike na ipi isimame. Ini likiumia, vyake vinamwagika kwenye damu. Wakivipima, huenda wakajua ini linaelekea wapi mapema, kabla picha ya tumbo haijaonyesha kitu.

— Huenda?

— Huenda. Bado wanajaribu, ndiyo maana wanataka damu ya watu wengi.

— Vidogo kiasi gani?

— Hata kwa hadubini ya shule huvioni.

— Sasa wao wamevionaje? Mzee mzima unatupiga kamba mchana kweupe!

— Wana mashine, bwana.

— Mimi nilivyosikia, alisema Lori, vinaweka kumbukumbu. Kila bia uliyokunywa imo. Ile kreti tuliyoimaliza kwenye harusi ya dada yako, imo.

— Hiyo cha mtoto, alisema Profesa, ambaye hakubali kupitwa. Vinarithiwa. Daktari anaangalia tone moja tu, anakwambia babu yako alikuwa na vimada wangapi.

— Lo! Mke wangu akikijua hicho kipimo, mimi nahama kisiwa.

— Na wakishaviingiza kwenye kompyuta, serikali inajua utakufa Jumanne ipi.

Tukacheka. Bok-sui hakucheka.

— Na saratani? aliuliza. Vitasema?

Kicheko kikatukauka. Mama yake alikufa kwa saratani ya ini, kaka yake vilevile, na sote tuliwaona matumbo yalivyovimba. Yeye mwenyewe mwaka wa pili huu hajaenda kupiga picha ya tumbo.

— Naogopa, alisema. Wala si sindano. Naogopa ile siku watakayoniita, wanikalishe kwenye kiti, waniambie. Halafu nipande basi, nifike nyumbani, nivue viatu. Nimwambie nani? Jokofu?

Mkewe amefariki. Binti yake yuko Kanada na hupiga simu sikukuu ya mwaka mpya. Nikaongeza maji kwenye buli.

Hapo ndipo akaja nesi kutoka kule kwenye turubai, binti mwembamba mwenye orodha mkononi.

— Shikamooni wazee. Baba mkubwa Bok-sui ni yupi? Limebaki jina lako tu.

— Marahaba, kaa kwanza unywe chai, nikamwambia.

Nikatoa kikombe cha mgeni, nikakizungusha kwenye bakuli la maji ya moto pamoja na vya kwetu, kama tunavyofanya siku zote. Cha Bok-sui hakiingii humo. Chake ni cha karatasi, anakuja nacho mfukoni, nami humimina kutoka juu ili mdomo wa buli usikiguse. Mwaka wa kumi na tisa sasa. Yule binti akatazama mkono wangu ulivyopanda nilipommiminia.

— Mbona yeye ana cha karatasi?

— Si unajua tena... ini.

— Kikombe hakiambukizi, baba mkubwa. Ni damu. Sindano zilizochangiwa, au mama anapojifungua. Mimi mwenyewe ninavyo hivyo virusi, nilizaliwa navyo.

Akanywa chai yake yote, akarudisha kikombe kwenye bakuli letu. Lori akalikodolea macho lile bakuli. Mimi masikio yaliniwaka moto.

— Hawakunilazimisha, binti, alisema Bok-sui. Nilikileta mwenyewe, siku ile nilipowaambia. Niliona heri nije nacho kabla hawajaniomba.

Ni kweli, hatukumwomba. Wala hakuna kati yetu aliyewahi kumwambia akitupe.

Bok-sui akasimama, akajipangusa suruali.

— Haya, twende kabla sijabadili mawazo.

— Kuna sehemu moja ya kujaza, alisema yule binti, kalamu tayari. Majibu yakitoka, nimpigie nani aje akae na wewe?

Bok-sui akatugeukia. Profesa akawa anachunguza kamba za viatu vyake. Lori, yeye na domo lake lote, akainamia kikombe chake. Namba yangu naijua kama jina langu, na mdomo nilishaufungua. Lakini ningeanzaje? Nimemmiminia mtu chai kwa mbali miaka yote hiyo, leo nijitie ndugu? Niliona aibu, Mungu ananiona.

— Acha wazi, alisema Bok-sui.

Wakavuka barabara, yeye nyuma, binti mbele. Turubai likawafunika.

— Mimina basi, Lori akasema.

Nikamwambia maji yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha.