Miaka Thelathini na Mmoja kwenye Sakafu Moja

Baada ya miaka thelathini na mmoja, miezi miwili na siku kadhaa ambazo ofisi imeshindwa kukubaliana idadi yake, mtunza usafi wa kanisa letu anastaafu leo, Jumapili ya tarehe 30 Novemba. Jina lake kamili limo kwenye faili. Humu ndani, kuanzia watoto wa darasa la Jumapili hadi mchungaji, wote wanamwita Mama Deki, na ukimwita vinginevyo hageuki.

Alikuja kwa wiki tatu tu. Aliyekuwa akifanya kazi hiyo aliteleza akavunjika mkono, wazee wa kanisa wakatafuta mtu wa kushika ufagio mpaka mfupa uunge. Mfupa ukaunga, mwenye mkono akapata kazi kwingine, na Mama Deki hakuambiwa aendelee wala aache. Barua ya ajira aliipata mwaka wa nne, mwandishi wa maneno haya alipoingia ofisini kama karani na kugundua kwamba mtu anayefungua kanisa kila asubuhi hayumo kwenye orodha yoyote. Mama Deki aliisoma barua hiyo mara mbili, kisha akauliza kama zile siku za likizo ni lazima azichukue.

Wachungaji sita wamepita mikononi mwake. Kila mmoja alifika na mpango wa kubadili ratiba, akakuta sakafu ina ratiba yake. Jumamosi saa nne asubuhi Mama Deki huvaa mabuti ya mpira na kutoka stoo na ndoo mbili, ya sabuni na ya kusuuzia, na ndoo hizo hazijawahi kubadilishana kazi. Huanzia mbele akirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni ili asikanyage alikopita. Wachungaji wawili walilifahamu jambo hilo baada ya kuteleza. Sakafu yetu ni saruji nyekundu ya kawaida, lakini mgeni akiingia hutazama chini kwanza, juu baadaye.

Vitu vilivyosahaulika navyo vilikuwa idara yake. Kwenye kasha lake la stoo imepita miavuli isiyo na hesabu, miwani, kiatu kimoja cha mtoto na, mwaka fulani, meno ya bandia ya juu. Meno hayo hakuyatangaza. Aliyafunga kwenye karatasi safi, akayatia kwenye bahasha, na Jumapili iliyofuata akasimama mlangoni kuangalia ni nani anayesalimia watu bila kufungua mdomo. Alipomwona, alimkabidhi bahasha kama anayepeleka barua. Mpaka leo mwenyewe hajulikani, ingawa baadhi yetu tuna dhana zetu.

Hayo yangetosha kumuaga mtu. Lakini wengi walioko hapa leo hawakuwapo miaka kumi na minne iliyopita, na wanadhani kanisa hili limekuwa moja siku zote. Halikuwa hivyo. Ilibaki kidogo sana liwe mawili, na mimi ndiye niliyeichapa karatasi ya kuligawa. Niliichapa kwa moyo mweupe, tena niliona imepangika vizuri.

Mwaka ule wenzetu wa ng'ambo ya reli walipoteza jengo lao. Paa lilikuwa limeoza, wakaguzi wakaweka kufuli. Tuliwakaribisha kwa mikono miwili, tukawaimbia, tukawapa nafasi mbili kwenye baraza la wazee. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyosema. Hakuna aliyekumbuka kuuliza kuhusu viatu.

Wenzetu hao walikuwa wakivua viatu mlangoni. Ndivyo walivyolelewa: unapoingia mahali pa Mungu, unaacha nje kilichokanyaga matope. Sisi tulikuwa tunaingia navyo, tena vilivyong'arishwa. Jumapili ya kwanza kulikuwa na jozi themanini na tatu kwenye ngazi, na sisi wenyeji tukapita juu yake tukiruka kama mbuzi. Ndani, waliovua walipiga magoti mahali ambapo sisi tulikuwa tumeacha alama za soli. Kufikia mwisho wa mwezi tulikuwa tumepeana majina. Wao walikuwa Pekupeku, sisi tulikuwa Makwato. Vikombe vya kabati moja havikosi kugongana, lakini vyetu vilianza kutafuta makabati tofauti.

Kila upande ulikuwa na mwenye kuusemea. Upande wa Pekupeku alikuwa mama mmoja, mkunga mstaafu, ambaye tunamwita Bibi Mkunga kwa kuwa nusu ya mtaa huu ilipitia mikononi mwake. Upande wetu alikuwa Fundi Saa, mzee wa kanisa mwenye kibanda chake cha kutengeneza saa karibu na posta. Fundi Saa ni mtu wa haki, lakini haki yake huenda kwa sekunde. Alikuwa akisema kwamba Kristo hakutuweka huru ili tukafungwe tena na kamba za viatu. Bibi Mkunga naye alikuwa akisema kwamba uhuru usio na adabu ni ukosefu wa malezi. Wote wawili walikuwa na Maandiko, wote wawili waliyasoma sawasawa, na hakuna aliyekuwa akimsikiliza mwenzake.

Kisha kikatokea kisa cha kidole. Katika foleni ya Meza ya Bwana, Fundi Saa alirudi nyuma hatua moja kumpisha mtu, na kisigino cha kiatu chake kizito kikatua juu ya kidole kidogo cha mguu wa Bibi Mkunga. Ukucha uligeuka mweusi. Fundi Saa alimwomba radhi papo hapo, na kama angeishia hapo nisingekuwa na la kuandika. Lakini aliongeza: "Ila mama, ungevaa viatu usingeumia."

Maneno hayo yalifika ng'ambo ya reli kabla ya ibada kwisha. Wiki hiyohiyo Fundi Saa akaleta hoja barazani: ibada mbili. Ya saa mbili iwe ya wenye viatu, ya saa tano iwe ya wasio navyo, kila mtu abaki na uhuru wake na vidole vyake. Wengi tuliona ni busara. Hata Bibi Mkunga alikubali, kwa sauti ya mtu aliyechoka. Lilibaki swali moja la kiufundi. Wa saa tano wangehitaji sakafu safi, kwa hiyo Mama Deki akaitwa kutoka stoo aeleze inachukua dakika ngapi kupiga deki na sakafu kukauka.

Alisimama mlangoni mwa chumba cha baraza na mabuti yake ya mpira, mikono inachuruzika maji. Alisema ni dakika arobaini na tano, hamsini kukiwa na mvua. Tukamshukuru. Hakuondoka. Akauliza yeye atasali ibada ipi, maana ya kwanza atakuwa anachemsha maji, na ya pili atakuwa anakamua tambara. "Mmewagawa watu wote," alisema, "mimi mmeniacha katikati na ndoo." Kisha akarudi kazini. Mchungaji akaona heri kura iahirishwe kwa wiki tatu ili tuombe.

Jumapili iliyofuata Mama Deki alifika mlangoni, akainama, akavua viatu vyake vyeusi, akaviweka mwisho wa mstari na kuingia miguu mitupu. Huyu alikuwa wetu. Tangu azaliwe alikuwa akisali na viatu. Fundi Saa alimfuata baada ya ibada akiwa amekunja uso, akataka kujua amehamia kule lini. Mama Deki akamjibu kwamba hajahama popote. "Mimi najua Mungu haangalii viatu, baba. Ndiyo maana naweza kuvivaa, na ndiyo maana naweza kuvivua. Yule bibi hawezi kuvivaa. Sasa kati yetu nani amsogelee mwenzake?"

Alisema hayo huku akiokota karatasi chini ya viti. Fundi Saa alibaki amesimama na Biblia yake kwapani, na nilimwonea huruma, kwa kuwa na mimi nilikuwa nimevaa viatu.

Jambo ambalo hatukulijua ni kwamba Mama Deki alikuwa na baridi yabisi ya miguu. Daktari alikuwa amemkataza kabisa kukanyaga saruji bila kitu. Siku za kazi mabuti yalimkinga. (Hakuna Pekupeku hata mmoja aliyewahi kulalamikia mabuti hayo. Utakatifu wa sakafu, ilivyoonekana, ulikuwa unaanza Jumapili. Mama Deki aliligundua hilo mapema akanyamaza, na nalihesabu miongoni mwa matendo yake ya upendo.) Lakini Jumapili alisimama saa mbili nzima kwenye saruji tupu, katika mwezi wa baridi kuliko yote. Jumapili ya pili alitembea kama anayekanyaga misumari. Ya tatu alishikilia benchi kwenda mbele na kurudi.

Bibi Mkunga alikuwa nyuma yake kwenye foleni. Mtu aliyezalisha kwa miaka arobaini hahitaji miwani kutambua mguu uliovimba. Alimtafuta binti wa Mama Deki, ambaye ni muuguzi, akamwuliza bila kuzunguka, na binti akamwambia yote. Nimesimuliwa kwamba Bibi Mkunga alikaa kwenye ngazi ya kanisa, kando ya viatu vyote vile, akalia kama mtoto.

Siku ya kura tulikuwa kumi na mmoja mezani, hoja imechapwa nakala thelathini. Bibi Mkunga alifungua mkoba wake akatoa soksi za sufu, za kijivu, nene kama mkate, akaziweka juu ya karatasi zangu. "Soksi si viatu," alisema. "Anayetaka kulipigia kura hilo aanze na mimi." Hakuna aliyetaka. Ndipo akasema kwamba kuna mtu ameharibu miguu yake kwa ajili ya dhamiri ya bibi kizee, na wakati huo wote huyo bibi kizee alikuwa anahesabu viatu vya wenzake. Kwamba yeye ataendelea kuvua mpaka afe, hawezi vinginevyo. Ila kuanzia siku ile, mwenye kuvaa na avae, na asiingie akiwa ameinamisha kichwa.

Fundi Saa alikohoa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akamgeukia Bibi Mkunga akamwomba radhi kwa ajili ya kidole, safari hii bila kuongeza neno, na akaniambia niichane hoja yake. Mama Deki, aliyekuwa ameleta chai, akaniomba nisiichane. Madirisha ya upande wa barabara yalikuwa yanahitaji karatasi za kufutia. Nakala zote thelathini ziliishia kwenye vioo, na lazima nikiri kwamba maandishi yangu hayajawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile.

Msidhani tulifanana baada ya hapo. Fundi Saa bado anaingia na viatu, anavyo hata sasa, tazameni. Lakini lile kabati la mbao la viatu lililo mlangoni alilipigilia yeye mwenyewe, na kwenye foleni huacha nafasi ya hatua nzima nyuma yake. Bibi Mkunga bado anavua. Mgeni akituuliza utaratibu wetu ni upi, tunamwambia aingie kwanza.

Na kila mwaka, baridi inapoanza, Bibi Mkunga amemfumia Mama Deki jozi moja ya soksi. Amezifuma jozi kumi na nne. Ya kumi na tano ndiyo atakayokabidhiwa leo baada ya baraka, na hapa inabidi nieleze jambo ili asizione akadhani ameletewa za kuchekesha. Mwaka huu macho ya Bibi Mkunga yamefunikwa na mtoto wa jicho. Alimaliza soksi moja kwa kupapasa, ya pili ikamshinda. Tangu Septemba Fundi Saa amekuwa akienda kwake kila Jumanne jioni, na ukimwuliza atakwambia anatengeneza saa ya ukutani. Saa hiyo imetengenezwa kwa majuma tisa. Binti wa Mama Deki, aliyepita kumtazama bibi macho, aliwakuta: bibi anaelekeza kwa mdomo, fundi ameinama na ile lenzi yake jichoni, sindano mbili mikononi, anahesabu vitanzi kwa sauti. Soksi ya kulia ni ya Bibi Mkunga. Ya kushoto ni ya Fundi Saa, nayo ni ndefu kuliko mwenzake kwa vidole vitatu.

Kwa kawaida Mama Deki huzisoma karatasi hizi za matangazo ya Jumapili siku ya Jumatatu, akiziokota chini ya viti. Kesho hatakuja, kwa hiyo tafadhali kila mtu aondoke na yake.

Mama Deki, asante. Asante kwa sakafu, kwa madirisha, kwa bahasha ya meno, na kwa Jumapili tatu ulizosimama kwenye saruji ile wakati sisi tunajadili uhuru. Wakati mmoja uliniambia unatamani mara moja tu ufike kanisani ukute mtu mwingine amekwisha piga deki na sakafu imekauka. Basi Jumapili ijayo chelewa kidogo. Fundi Saa na mimi tumejiandikisha kupiga deki Jumamosi, kuanzia mbele tukirudi mlangoni, na ndoo hatutazichanganya. Maisha yako yawe mema, mama yetu, na miguu yako ipate joto. Ingia na viatu, ingia na soksi zako zisizolingana, ingia utakavyo. Benchi la mbele ni lako.