Pale Ambapo Faheem Hakukanyaga

Habari hii aliyenisimulia kwanza ni bibi yangu mzaa baba, Bi Zalia, asubuhi ile malori ya serikali ya wazungu yalipokuja kutuhamisha kwetu Bluff kutuleta huku Chatsworth, nami nikiwa mtoto wa miaka kumi nimejitwika sufuria kichwani. Sikilizeni, wanangu, nanyi wajukuu, na wewe Faheem uliyekaa karibu na mlango kama mtu mwenye safari. Ufunge. Leo hatoki mtu mpaka nimalize, kwa kuwa pumzi niliyobakiwa nayo haitoshi kusema jambo mara mbili.

Bibi alinivuta nyuma ya jiko, kwenye mzambarau, akaniambia kwamba pale, upande wa kibla, amelala kaka yangu Nasibu, aliyezaliwa kabla yangu akafa hajatimiza siku arobaini. Desturi ya kina bibi ilikuwa mtoto wa umri ule asipelekwe makaburini, azikwe nyuma ya nyumba asiwe mbali na mama yake, na kaburi lisijengewe. Ndiyo maana alimpandia ule mti kichwani. "Nimekwambia wewe tu," akasema. "Baba yako usimuulize, mama yako usimkumbushe. Hawa wenye malori wakisikia pana maiti watamfukua wampeleke wanakojua wao." Nikapanda lori, nikanyamaza. Hata marehemu baba yenu nililala naye kitanda kimoja asijue.

Sasa nije kwenye safari ya mwezi uliopita. Faheem ni mtoto wa kaka yangu Abdullah, damu yangu, lakini tangu tumzike baba yake haji hapa ila Idi, na hata hiyo Idi anakula akiwa amesimama. Mwezi ule alikuja, akakaa, akanywa chai, akasifu sambusa zilizolala. "Shangazi," akasema, "Jumapili twende Bluff tukaone kwetu. Naseema naye aje, ajue asili yake."

Nikamuuliza, "Asili imekuanza lini?"

"Eish, shangazi. Kwako kila mtu mwizi."

"Si kila mtu," nikamwambia.

Mnajua nyote kwamba wazee wetu wa kamati wameomba kila ukoo uonyeshe ulipokaa, huenda watu wakarudishiwa viwanja, na katika ukoo huu aliyebaki wa kunyoosha kidole akasema hapa palikuwa ukuta ni mimi peke yangu. Kwa hiyo nilikwenda, ila nilikwenda na macho yangu. Njia nzima alikuwa mpole mno. Kila robot, taa ya barabarani, ikiwa nyekundu anageuka kuniuliza jiko lilikuwa wapi, ua uliishia wapi, nami namjibu kwa kumwonyesha maduka. Huyu mjukuu wangu Naseema yuko nyuma na simu, anapiga picha kila kitu, mpaka mikono yangu. Nikamuuliza anamtumia nani. "Namtumia mama, Bibi." Nikataka nione, akanionyesha, ikawa kweli, lakini picha moja inaweza kwenda kwa watu wawili.

Tulikuta majani marefu na uzio ulioanguka, na mzambarau umesimama palepale, umenenepa. Sikulia. Nilisema macho yamezeeka, sioni alama yoyote, nikajipitia kama mgeni. Naseema akanishika mkono. "Bibi, mbona umezunguka?"

"Nimezunguka nini?"

"Ulikuwa unakwenda moja kwa moja, ulipofika kwenye mti ukapinda. Na hapana shimo."

Nikamwambia majani yale yana nyoka. Akanitazama kama mama yake anavyonitazama nikisema nimeshameza dawa. "Nyoka anakaa pale tu?"

Mdomo wangu ulifungwa miaka yote hii, miguu yangu ikasema kwa siku moja. Hapo nikamwona Faheem anapima kiwanja kwa hatua, simu sikioni, anasema sharp, sharp, sawa, nitakuambia. Alikuwa anasema na nani, sijui mpaka leo. Akaja mpaka kwenye mzambarau, na alipofika upande wa kibla akapinda, hata hakutazama chini, kama mtu anayempisha mwenzake aliye kwenye sala. Wakati wa kurudi akapinda tena.

Naseema akanibana vidole. "Bibi, hata mjomba Faheem anaogopa nyoka."

Tangu hapo usingizi umenikataa. Faheem hakuweza kuambiwa na mtu ila baba yake, na Abdullah hakuweza kuambiwa na mtu ila bibi, pengine asubuhi ileile, kwa maneno yaleyale, nimekwambia wewe tu. Bibi aliweka walinzi wawili wasiojuana, ili hata mmoja akiuza siri, mwingine awepo. Na mimi na kaka yangu tulikula sahani moja mpaka anakufa, kila mmoja akimlinda mtoto yule asijulikane na mwenzake.

Lakini wewe, Faheem, uliyejua ukaniuliza ua uliishia wapi bila kunitajia aliye ndani ya ua, nimekutafutia sababu nimepata mbili. Huenda uliapishwa kama mimi. Au huenda ulitaka kiwanja kionyeshwe na mimi, kitupu, kisha nikifa asiwepo wa kusema pana kaburi. Umeinamisha kichwa. Usijibu. Ukijibu sasa nitaamini nusu tu.

Basi shikeni. Ardhi ile ikirudi ni ya watoto wa Abdullah na wangu, pamoja, na mjenge. Kuanzia mzambarau, upande wa kibla, urefu wa mtu mzima aliyelala, pasichimbwe wala pasimwagwe zege. Mti ukifa, pandeni mwingine. Simkabidhi mmoja. Nawakabidhi Faheem na Naseema, kila mmoja akijua kwamba mwenzake anajua. Kila Idi nendeni pamoja. Naseema, utazame miguu yake, naye atazame yako. Siku mmoja atakapopita juu ya kaburi, mwingine awaite wote waliomo humu. Mimi nizikeni hukuhuku Chatsworth. Udongo wa kule usifunguliwe kwa ajili yangu.

Maji. Inua mto, Naseema... hivyo. Mungu awape nyumba zisizohamishwa. Awape watoto... wa kuwazika, msiwazike nyinyi. Faheem, sogea, nipe mkono. Wa kulia. Una baridi, kama wa baba yako.

Bi Zalia hayupo. Baba na mama hawapo. Abdullah hayupo. Nasibu hakukaa. Mimi nipo bado, kidogo. Walinzi walio hai ni hawa wawili, na kila mmoja nimemwekea mwenzake.