Fundi Cheche na Ubovu Unaojificha

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea historia ya baba yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Cheche.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1954, katika nyumba iliyo nyuma ya kinu cha kusaga, akiwa mtoto wa nne na, kwa maneno ya bibi yetu, wa kwanza kushindwa kukaa kitako. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1968, akaingia karakana ya shamba kubwa Januari 1971 kujifunza matrekta ya petroli, na hapo akakutana na mama yetu, karani wa stoo ya vipuri, ambaye hakumpa plagi mpya mpaka ya zamani irudishwe. Walifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1976, wakajaliwa watoto watatu.

Trekta la zamani likigoma kuwaka, alianza na plagi, akaiegemeza kwenye chuma kuona kama inatoa cheche, kisha akaufuata waya hadi kwenye koili inayoipa plagi umeme, lakini sifa yake hasa ilikuwa trekta linalozima likipata joto na kuwaka likipoa, ambalo ukilipima asubuhi utaapa ni zima. Aliwafokea wateja wasimletee mashine iliyopoa, maana ubovu huo ni mwizi, haukamatwi ila ukiwa kazini, na mara ngapi aliacha chakula mezani akakimbilia trekta lililozimika shambani!

Mei mwaka jana kifua kilianza kumbana kila alipozungusha hendeli ya kuwashia trekta. Alikaa juu ya ndoo mpaka maumivu yapite, ndipo akaenda zahanati, akapimwa, akaambiwa mzima, akarudi akitamba. Mama alimwambia, tena kwa kelele, kwamba anampelekea daktari trekta lililopoa, naye akacheka tu, mganga hajigangi. Tarehe 2 Machi mwaka huu kifua hakikuachia, akafikishwa hospitali amechelewa, akafariki jioni hiyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani waliombeba, na mafundi wenzake ambao hawajaondoka hapa tangu msiba uanze. Mama bado ana hasira, na hataki tuifiche. Anaomba yeyote kati yenu anayebanwa na kifua kisha kikaachia, siku kitakapombana aende hospitali kikiwa bado kinauma.

Desturi ni kumalizia kwa kumwambia marehemu apumzike, lakini Mama amelikataa neno hilo, kwa sababu “ngoja nipumzike kidogo” ndilo jibu alilopewa kila alipomsihi waende hospitali. Basi, Baba, kaa kwa amani, na mengine Mama atakuja kukuambia mwenyewe.