Genoveva Bikombo na Ubeti Aliokataa Kuukata

Ndugu waombolezaji, tunayemsindikiza leo ni Genoveva Bikombo, aliyezaliwa Kasulu, mkoani Kigoma, tarehe 3 Machi 1959, mtoto wa tatu wa mwalimu Bikombo, na tunaomfahamu tangu utotoni hatukumbuki siku aliyokubali kushindwa kwa maneno.

Alisoma shule ya msingi Kasulu, kisha mwaka 1975 akapelekwa kwa masista Bujumbura, akakishika Kifaransa hasa, mpaka akawa anaandika mashairi kwa lugha hiyo. Mwaka 1984 aliajiriwa ukalimani Dar es Salaam, tarehe 12 Julai 1986 akafunga ndoa na Leonard, wakajaliwa watoto wawili, Lusekelo na Queen, na mwaka 1997 familia ikahamia Takoma Park, Marekani, alikoendelea na ukalimani hadi alipostaafu mwaka 2022.

Mwaka 2011 mtunzi wa nyimbo wa Lubumbashi, Papa Mwilambwe, aliyasoma mashairi yake mtandaoni, akamwomba ushirikiano, na tangu hapo yeye akawa anatuma gitaa kwa simu, Genoveva anatia maneno ya Kifaransa akiwa ndani ya treni ya kwenda kazini, na nyimbo zao zikachezwa Kinshasa hadi Brussels, ingawa wenyewe hawakuwahi kuonana. Walipendana kama ndugu na wakagombana kama ndugu. Mwishoni mwa 2023 Mwilambwe alimtaka akate ubeti mmoja, akamwambia, "Mama, maneno iko mingi, pumuzi ya mwimbaji iko kidogo," naye akakataa, akanuna, na zaidi ya mwaka hawakusemezana, wote vichwa vigumu.

Januari 2025 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, na hakuna kilichomuuma kama kuondoka wakiwa wamekosana. Tarehe 9 Machi alijishusha, akaukata ubeti, akautuma wimbo, kumbe siku hiyohiyo Mwilambwe naye alikuwa amerefusha muziki ili ubeti ule upate nafasi. Maneno yakapungua, muziki ukazidi. Walipigiana simu wakacheka mpaka Queen akatoka jikoni mbio, "Mom, please, daktari amesema upumzike," wala hakusikilizwa. Wakakubaliana pale palipobaki bila maneno paachwe hivyohivyo, wakaurekodi. Alifariki nyumbani tarehe 21 Mei 2025, akiwa na amani, na sisi tulifurahi kwa ajili yake hata tulipokuwa tunalia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Takoma Park waliotuletea chakula bila kuombwa, wakalimani wenzake, na Papa Mwilambwe, anayetufuatilia kwa simu kutoka Lubumbashi.

Wimbo wenyewe tutausikia sasa hivi. Maneno yatakapokatika, marehemu ameagiza tusikae kimya, tuufuate muziki kwa sauti tu, na kwamba aanze Leonard, ambaye tangu mwaka 2011 amezisikiliza nyimbo za mkewe bila kuelewa hata neno moja, maana hapo hahitaji Kifaransa.

Pumzika, Genoveva, mumeo anaanza.